Ami amekubali kutudhamini, lakini sijajaza ritani ya Marekani tangu nirudi Mombasa

SWALI

Bi Mshauri, salaam aleikum.

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, nina miaka 39. Nikiwa kijana nilishinda bahati nasibu ya viza ya Marekani, nikaenda Columbus, Ohio, nikapokewa na ami yangu, nikafanya kazi kwenye maghala na mwishowe nikaapa uraia. Mamangu alipougua nilirudi kumuuguza. Alipofariki nilikuwa nimeshapata kazi, nikabaki. Ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mshahara wangu ni Sh95,000 kabla ya makato, na KRA huchukua yake kabla sijaiona. Pembeni nina kiduka cha M-Pesa hapa Bamburi nilichokifungua miaka mitatu iliyopita. Anayekaa dukani ni kijana wa shangazi yangu. Nikishamlipa yeye na kutoa kodi ya chumba, hunibakia kama Sh20,000 kwa mwezi.

Nilioa mwaka huo huo niliofungua duka. Mke wangu ni mwalimu wa chekechea, na tulikubaliana toka mwanzo kwamba tutahamia Marekani. Nikamwombea, ile fomu ya kumwombea mke, I-130, ikakubaliwa, kesi ikapelekwa kwenye Kituo cha Taifa cha Viza, NVC. Ada zote tumelipa. Sasa wanataka hati ya kiapo ya udhamini, ile I-864, pamoja na ritani zangu za ushuru wa Marekani.

Sina ritani. Tangu nirudi, zaidi ya miaka mitano, sijajaza hata moja. Niliamini mshahara wa Kenya ni ushuru wa Kenya, basi.

Nimeuliza watu. Mwenzangu kazini anasema ami akidhamini, mimi sihitaji kuandika chochote. Kaka yangu anasema nikae kimya kabisa, maana IRS, watoza ushuru wa Marekani, wakinijua watanipiga faini na kuchukua pesa zetu za kiwanja. Mimi na mke wangu tuna akaunti ya pamoja ya kununua kiwanja Mtwapa, mwaka jana ilifika Sh1.6 milioni. Na kuna wakala mjini aliyeniambia kwa Sh60,000 atanitengenezea W-2, ile hati ya mwajiri ya mshahara wa mwaka, na hati za mshahara za kampuni ya Ohio, na kwamba amewatengenezea wengi.

Ami mwenyewe amekubali, ila mkewe ana wasiwasi. Wana watoto watatu wadogo. Anauliza watafungwa na hati hiyo kwa muda gani, na itakuwaje mimi na mke wangu tukiachana.

Linaloniumiza zaidi ni nyumbani. Dada za mke wangu wanamwambia namchezea, kwamba labda nina mke mwingine Ohio. Juzi aliniambia, "Kama hutaki twende, niambie tu nijue." Habari ya ushuru sijamwambia, naona aibu. Nifanyeje?

Mume wa Bamburi

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Mungu amrehemu mama.

Wengi wanaorudi pwani na pasipoti ya Marekani huwa na dhana kama yako, kwamba ukishakatwa na KRA umemaliza. Marekani haihesabu hivyo. Inamfuata raia wake kwa uraia wake, popote anapoishi, kwa hiyo anayefanya kazi Kilindini anatakiwa kuieleza IRS mapato yake sawasawa na anayefanya kazi Columbus. Kueleza ni wajibu wa kwanza. Kulipa ni hesabu nyingine, na kwa watu wa mapato kama yako hesabu hiyo mara nyingi hutoka sifuri au karibu na sifuri. Wewe, kaka yako na huyo mwenzako wa kazini mmeyafanya mambo hayo mawili kuwa moja, ndiyo maana kila ushauri uliopewa unakuogopesha au unakupoteza.

Usijipe moyo kwamba labda mapato yako ni madogo mno kuhitaji ritani. Raia mwenye mke asiye raia wala mkazi wa Marekani kwa kawaida hujaza kama mtu aliyeoa lakini anayejaza peke yake, na kwa kundi hilo kiwango cha kulazimika kujaza ni mapato ya dola 5 kwa mwaka. Dola tano, yaani kama Sh650. Ulikuwa unatakiwa kujaza kila mwaka tangu ulipooa.

Sasa tazama hesabu yenyewe, maana nadhani itakuondolea nusu ya mzigo. Mshahara wako kwa mwaka ni Sh1,140,000. Kwa Sh129 kwa dola, ni kama dola 8,800. Kiduka kinakubakishia Sh240,000, kama dola 1,860. Jumla haifiki dola 11,000. Sheria ya ushuru ya Marekani humwachia kila mtu sehemu ya mapato isiyoguswa, na kwa anayejaza peke yake sehemu hiyo kwa mapato ya 2024 ni dola 14,600. Uko chini yake. Ushuru wa mapato unaodaiwa ni sifuri. Watakuambia utumie Fomu 2555, ile inayowaruhusu Wamarekani walio nje kuondoa mapato ya kazi hadi dola 126,500 kwa 2024. Kwa kipato chako huihitaji. Tena nakusihi uiache, kwa sababu ukiitumia mstari wa jumla ya mapato hushuka, na wewe unataka ritani imwonyeshe afisa wa viza kwamba ni mtu mwenye kazi.

Panapodaiwa ni kwenye kiduka, na hapa wengi hushtuka kwa sababu wamesikia kwamba aliye nje halipi. Mtu aliyejiajiri, akibakiwa na dola 400 au zaidi kwa mwaka, hulipa ushuru wa kujiajiri. Huo ni mchango wa uzeeni na matibabu ya uzeeni, tuseme NSSF na SHA za kwao, na Fomu 2555 hata ukiijaza haiugusi. Zipo nchi zilizotiliana mkataba na Marekani ili mtu asichangie pande mbili, lakini Kenya haimo. Kiwango ni asilimia 15.3 ya karibu faida yote. Kwa faida ya dola 1,860 inatoka kama dola 260 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni kama dola 780, ongeza riba kidogo. Ni laki moja na kitu ya Kenya. Si pesa ya kudharau kwa mwenye mshahara wako, lakini si ya kukufanya ukimbie nchi wala kuuza kiwanja.

Na faini? IRS ina mlango kwa watu waliokaa nje na hawakujaza kwa kutojua. Wanauita Streamlined Foreign Offshore. Unajaza ritani za miaka mitatu ya karibuni ambayo tarehe yake imeshapita, unalipa kinachodaiwa pamoja na riba, na faini za kuchelewa hawakutozi. Masharti ni kwamba uwe umekaa nje ya Marekani angalau siku 330 kamili katika mmoja wa miaka hiyo bila kuwa na makao kule, na kwamba kutojaza kwako hakukuwa kwa makusudi ya kuficha. Hilo la pili utalieleza kwenye Fomu 14653, chini ya kiapo, kwa maneno yako mwenyewe. Andika yale yale uliyoniandikia mimi: ulirudi lini, kwa nini ulirudi, uliamini nini kuhusu mshahara wa Kenya, umejuaje kwamba sivyo. Usinakili maelezo ya mtu mwingine. Wasomaji wa fomu hizo wanataka historia ya mtu, na yako ni ya kweli na inaeleweka. Wala usikawie, maana IRS wakianza wenyewe kuchunguza ritani zako, mlango huu unafungwa.

Kazi ya wiki hii ni karatasi. Nenda kwa mhasibu wa kampuni umwombe P9 zako, zile kadi za mshahara na kodi ya mwaka, za miaka hiyo mitatu. Mwaka wa ushuru wa Kenya na wa Marekani yote miwili huanza Januari na kuisha Desemba, kwa hiyo P9 inaingia kwenye ritani bila kukatwakatwa. Chukua safu ya mshahara kabla ya makato, usichukue kile kinachoingia benki. Badilisha shilingi kwa kiwango cha wastani cha mwaka husika, kisha utumie kiwango hicho hicho kila mahali.

Kwa kiduka kuwa mwangalifu zaidi. Mapato yako ni kamisheni peke yake. Maelfu yanayopita mikononi mwa kijana wa shangazi yako kila siku ni pesa za wateja, na floti ni mtaji wako mwenyewe unaozunguka. Nimeona mtu aliyejumlisha kila kitu kilichotokea kwenye taarifa ya wakala, akajikuta kwenye karatasi ni tajiri wa Nyali. Toa taarifa ya kamisheni ya kila mwezi, kisha uondoe kodi ya chumba, malipo ya kijana, umeme na leseni ya kaunti. Kinachobaki ndicho faida. Kama risiti za kodi huna, mwombe mwenye nyumba akuandikie barua ya miaka hiyo na atie sahihi.

Mahali panapoulizwa namba ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya Marekani, ya mke wako, naye hana, unaandika NRA, yaani mgeni asiye mkazi. Mapato yake ya ualimu hayaingii. Atatokea wa kukushauri mjaze pamoja ili ionekane mmeoana kweli. Kwa sasa usifanye hivyo. Itabidi aombewe namba ya mlipa ushuru, na mapato yake yote yaingizwe mbele ya IRS, bila faida yoyote kwa viza.

Ritani hizi za kuchelewa hutumwa kwa karatasi, zikiwa na sahihi ya kalamu, hadi Austin, Texas, kwa anwani iliyo kwenye maelezo ya utaratibu huo katika tovuti ya IRS. Juu ya kila ritani huandikwa jina la utaratibu kwa wino mwekundu. Tuma kwa EMS ya Posta au kwa kampuni ya vifurushi, na risiti uiweke. Kama akaunti yako ya benki ya Columbus imeshafungwa, ami anaweza kukutolea hundi ya dola wewe ukamrudishia. Kabla hujafunga bahasha, piga nakala ya kila ukurasa uliotia sahihi, kwa sababu karatasi huchukua miezi kuingia kwenye mitambo yao na NVC haitakusubiri. NVC hupokea nakala ya ritani yenyewe. Utaambatanisha nakala, risiti ya kutuma, ushahidi wa malipo, na barua fupi ya kueleza kwamba umejaza kwa kuchelewa kupitia utaratibu huo. Baadaye IRS wakishaziingiza, omba muhtasari wa ritani, ni bure, mke wako aende nao kwenye mahojiano. Nao IRS uwape anwani yako mpya, maana hadi leo barua zao zitakuwa zinakwenda kwa ami.

Kuhusu pesa za kiwanja, kaka yako ana nusu ya habari. Raia wa Marekani ambaye akaunti zake za nje ya nchi kwa pamoja zimepita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka anatakiwa kuziripoti. Sh1.6 milioni ni kama dola 12,400, na akaunti ya pamoja huhesabiwa yote kwako hata kama nusu ni ya mke wako. Jumlisha na sacco kama unayo. Ripoti hiyo ni FinCEN 114, hujazwa mtandaoni bila malipo, na haiendi na kifurushi cha Austin. Katika utaratibu huu utatazama miaka sita nyuma, ujaze ile tu ambayo kiwango kilipitwa. Kuripoti akaunti si kulipa ushuru juu yake. Hakuna atakayekata hata shilingi ya akiba yenu. Faida iliyolipwa na benki ndiyo huandikwa kwenye ritani kama mapato. Anayeweza kuumia ni yule anayekaa kimya akijua, kwa sababu faini za kuficha akaunti zinaweza kuwa kubwa kupita akaunti yenyewe. Wewe sasa unajua, kwa hiyo ule ukimya anaokushauri kaka si salama tena.

Huyo wakala mwache kabisa. Usimpigie hata kumwambia umebadili mawazo. Unapotia sahihi I-864 unaapa chini ya adhabu ya kusema uongo, na ndani ya fomu hiyo hiyo unaipa idara ya Social Security ruhusa ya kutoa taarifa zako kwa wanaoshughulikia viza. Idara hiyo ndiyo inayopokea W-2 kutoka kwa kila mwajiri wa kweli. W-2 yako ya Ohio itatafutwa kwenye kumbukumbu na haitakuwepo. Fikiri ni nani atakayekuwa dirishani Nairobi siku hiyo. Si wewe wala si wakala, ni mke wako. Mwombaji akionekana ametumia karatasi za uongo kwa kujua, sheria ya uhamiaji ya Marekani humzuia kuingia maisha yake yote, na kuomba msamaha wa zuio hilo ni safari ndefu isiyo na uhakika. Mwalimu wa chekechea ambaye hajakosa lolote asiwekwe mahali hapo kwa sababu ya Sh60,000.

Mwenzako wa kazini naye hajasema sawa. Mdhamini mwenza hakuondoi wewe. Aliyeomba ndiye mdhamini wa kwanza, na lazima ajaze I-864 yake hata kama mapato yake hayafai kitu. Ndani yake utaulizwa kama umejaza ritani kwa kila mwaka kati ya mitatu ya karibuni. Utakapokuwa umetuma kifurushi cha Austin, utajibu ndiyo, na itakuwa kweli. Lazima kuambatanisha ritani ya mwaka wa karibuni. Mbili za nyuma ni hiari, lakini kwa hali yako ziweke zote.

Mapato yako ya Mombasa hayatahesabiwa, kwa kuwa kazi ya bandarini haitaendelea ukishahama. Kwa viwango vya 2025, familia ya watu wawili inahitaji dola 26,437 kwa mwaka. Akiba inaweza kuziba pengo, ila kwa mke wa raia inatakiwa iwe mara tatu ya kinachopungua, na akiba ya kiwanja haikaribii. Kwa hiyo ami anahitajika kweli. Hesabu yake ni yeye, mkewe, watoto watatu na mke wako, watu sita. Wewe huhesabiwi. Kwa viwango hivyo hivyo vya 2025 ni dola 53,937. Kama mshahara wake pekee haufiki, mkewe anaweza kuongeza wake kwa kutia sahihi I-864A. Viwango hupanda kila mwaka, basi mtazame vilivyopo siku ya kujaza.

Mke wa ami ameuliza swali la haki, naye apewe jibu la haki kabla mumewe hajatia sahihi. Kifungo hiki ni kirefu. Kinaisha mke wako akiwa raia, au akishahesabiwa robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, au akiondoka Marekani moja kwa moja na kuacha ukaazi wake, au akifariki. Talaka haikimalizi. Mkiachana mwaka wa pili, ami bado yumo. Maana yake kwa vitendo ni kwamba mke wako akipokea misaada fulani ya serikali iliyowekwa kwa wasiojiweza, serikali inaweza kumdai ami airudishe, na mke wako mwenyewe anaweza kumdai ami amtunze hadi kiwango cha chini kilichowekwa. Madeni yake ya binafsi, kama kadi ya benki au mkopo wa gari, hayamhusu ami. Mpigie mwanamke huyo wewe mwenyewe, umwambie yote haya kwa mdomo wako. Usimwachie ami kazi ya kumtuliza mkewe kwa jambo ambalo ni lako. Akikataa baada ya kuelewa, ana haki, na mtatafuta mwingine. Mdhamini mwenza si lazima awe jamaa, ila awe raia au mkazi wa kudumu, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na anayeishi Marekani.

Lipo moja ambalo hukuniuliza, nalo huwarudisha watu wengi wa hali yako. Mdhamini lazima awe na makazi Marekani, au athibitishe kwamba atayarejesha kabla mke hajaingia au siku ile ile anayoingia. Ami hawezi kukutimizia sharti hilo, hata awe na mapato makubwa kiasi gani. Anza kukusanya ushahidi sasa: barua ya ami kwamba mtakaa kwake, akaunti ya benki ya kule, leseni ya udereva ikiwa bado hai, maombi ya kazi uliyotuma na majibu yake, uandikishaji wa kura. Pengine itabidi utangulie mbele miezi michache. Kama mtaamua hivyo, liwe shauri la wawili, kwa sababu kwa maneno ambayo dada zake wanamtia sasa hivi, mume kutangulia Ohio kutasomwa vibaya asipoelewa sababu.

Ndiyo maana mke wako aambiwe leo, mwanangu, kabla ya P9 na kabla ya Austin. Amekuuliza swali la mtu anayeumia, na kimya chako kimewaachia dada zake nafasi ya kukijaza wanavyotaka. Aibu yako naielewa. Lakini akaunti ya kiwanja ni yake pia, jina lake litaandikwa kwenye ritani yako, na afisa wa ubalozi atamuuliza yeye nani anamdhamini na mume wake anafanya kazi gani. Hawezi kujibu mambo asiyoyajua. Kaa naye na barua ya NVC mkononi, mwonyeshe mstari unaotaka ritani, umwambie kwamba hapo ndipo kesi iliposimama na hakuna pengine. Mpe hata hesabu ya kiduka aipitie. Mwalimu hashindwi na kujumlisha kamisheni, na ataona kwa macho yake kwamba kinachowachelewesha ni karatasi.

Mkiwa mmekaa hapo, fungueni akaunti ya kesi mtandaoni mtazame mara ya mwisho mliingia lini. Mwombaji asipowasiliana na NVC kwa mwaka mzima baada ya kuarifiwa, kesi inaweza kufutwa na mkaanza upya na I-130 na ada zake. Kuingia kwenye akaunti au kuwaandikia swali kunatosha kuonyesha kwamba bado mpo. Fanyeni hivyo usiku huu, na mwache alama ya tarehe kwenye kalenda. Kuanzia sasa kalenda hiyo iwe na tarehe mbili za Juni kila mwaka mtakaokuwa bado Mombasa: tarehe 15 kwa IRS, kwa kuwa aliye nje huongezwa miezi miwili juu ya Aprili, na tarehe 30 kwa KRA.